Miaka Kumi ya Makur

Mama Lomenen alikuwa amemchagua mbuzi yeye mwenyewe, na hakutaka kusikia neno la mtu.

"Mtu anakuja kutoa figo kwa dada yake, halafu alale kwangu na chai ya rangi?" aliuliza, ingawa hakuna aliyekuwa amependekeza chai ya rangi. "Watu ya hapa Kanamkemer watasema mimi ni mtu aina gani? Kaa chini, Mzee. Kula."

Makur akakaa chini, akala. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma mchana huo na karatasi ya ruhusa ya siku tatu mfukoni, na nguo moja ya kubadilisha. Kukataa nyama uliyochinjiwa ni tusi kwa Waturkana wa Lodwar, na kwao Makur, huko ng'ambo ya mpaka, ni tusi vilevile, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwokoa. Alikula paja. Alikula ini. Alikunywa mchuzi bakuli tatu. Asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, Lomenen akapasha kilichobaki, akakiweka mbele yake na kusimama pale mikono kiunoni mpaka mfupa wa mwisho ukawa mweupe.

"Ejok," akasema Lomenen, ameridhika. "Sasa hata daktari ataona huyu ni mwanaume."

Akuch, dada yake Makur, alikuwa ameegemea mlango wa chumba chake akiwatazama. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na uzito wa msichana wa shule. Miezi minane sasa alikuwa akiishi katika chumba hiki cha mwisho cha Lomenen, kwa sababu mashine ya kusafisha damu iko Lodwar na hakuna mgonjwa wa figo anayeweza kwenda na kurudi Kakuma mara mbili kila wiki. Zamani alikuwa akishona milaya, yale mashuka yenye maua ya rangi ambayo mabibi harusi wa kwao hawaolewi bila hayo. Sasa sindano ilimtetemeka mkononi. Njia ya mashine kwenye mkono wake ilikuwa imeziba mara mbili, na madaktari walikuwa wamehamia mshipa mwingine. Mishipa nayo huisha, walimwambia. Ndugu wa damu aliyebaki duniani alikuwa mmoja tu, huyu aliyekuwa anajifuta mafuta mdomoni.

"Mzee, umeshiba?" alimuuliza.

"Nimeshiba mpaka mwaka kesho."

"Basi twende, kabla Mama Lomenen hajachinja mwingine."

Walicheka wote watatu. Ilikuwa furaha ya kweli, na ndiyo maana niliona niianze habari hii hapo.

*

Damu ilitolewa saa mbili asubuhi. Saa saba mchana Daktari Wekesa akamwita Makur ndani. Wekesa alikuwa kijana mpole wa kutoka Bungoma, na alikuwa na desturi ya kusoma majibu mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Siku hiyo alisoma mara tatu.

"Mzee, unakojoa sawasawa?"

"Sawasawa."

"Miguu haivimbi? Huchoki?"

"Mimi napakua gunia ya kilo hamsini, daktari. Kila siku. Nachoka kama mtu yeyote."

Daktari akageuza karatasi ili Makur aione, ingawa Makur hakuwa msomaji. "Kuna kipimo kinakisia figo zinachuja damu kiasi gani. Kwa mtu mwenye afya tunatarajia tisini na kuendelea. Chini ya sitini hatuwezi kuchukua figo ya mtu. Wewe umepata hamsini na sita."

"Hamsini na sita ya nini?"

"Chukulia ni kama asilimia. Figo zako mbili zinafanya kazi ya figo moja na kidogo. Tukitoa moja, utakuja kulala kwenye mashine kando ya dada yako." Kisha akaongeza kwa upole ule unaoumiza kuliko ukali, "Kwa umri wa miaka hamsini na minane si jambo la ajabu. Mwili unazeeka, Mzee. Wewe mwenyewe tungependa uwe unakuja tukuangalie."

Makur alitoka na kusimama kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na watu wa kwenye benchi walikuwa wamesikia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainuka. "Keti hapa, baba," akamwambia. Makur, ambaye katika ujana wake hakuna mwanamume wa Kakuma aliyemgusisha mgongo chini, akaketi kwenye nafasi ya mama mwenye mtoto. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Akuch alikuwa kwenye mashine, amelala, mirija miwili ikipeleka damu na kuirudisha. Alimsoma kaka yake usoni tangu mlangoni.

"Wamekataa," akasema.

"Wanasema figo yangu imezeeka."

"Malesh, si neno. Khalas." Akamshika mkono kwa ule wa kwake uliokuwa huru. "Nilikuambia tangu mwanzo wewe ni mzee. Umenilea, umenisomesha, umeniozesha, umenizikia mume. Hata figo ulitaka kunipa. Rudi nyumbani ukapumzike."

Alikuwa anamfariji yeye. Hilo ndilo Makur hakuweza kulistahimili. Akaondoka haraka akisema anakwenda kunywa maji, naye Akuch akageukia ukutani. Alilia bila sauti, kwa sababu mwenye mirija mkononi hatakiwi kutikisika.

Muuguzi wa zamu aliitwa Jelagat, mwanamke wa makamo kutoka Baringo, mkali kwa wagonjwa wanaokunywa maji kupita kiasi na laini kwa wengine wote. Alimfuata Makur hadi kwenye mfereji.

"Mzee, subiri. Jana ulikula nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi kiasi gani?"

Makur alifikiri, kwa kuwa alipenda kusema kweli palipowezekana. "Mbuzi," alirudia.

Jelagat akajishika kichwa. "Yote? Na leo asubuhi?"

"Iliyobaki, sista. Yule mama alisimama hapo."

"Ai, nyinyi mtaniua." Akavuta kiti. "Sikia. Ile kitu tunapima kwa damu ni taka inatoka kwa misuli. Kila mtu anayo, figo inaichuja. Ukila nyama iliyopikwa, inapanda. Ukiwa na misuli mingi, iko juu siku zote, hata kama figo ni nzima. Sasa kompyuta inachukua hiyo damu, inauliza: ni mwanaume ama mwanamke? Ana miaka ngapi? Basi. Kutoka hapo inakisia. Haijui umekula mbuzi. Haioni hayo mabega yako. Inafikiri wewe ni mzee wa kawaida, kama wale wanakaa ofisini."

"Kwa hivyo ni uongo?"

"Si uongo, ni makisio. Daktari naye hajui habari ya mbuzi, nitamwambia. Tutarudia. Wiki moja usile nyama, wala samaki. Na nitakupea chupa kubwa. Utakusanya mkojo wa siku nzima, wote, usimwage hata tone, uniletee. Hiyo haikisii." Akatazama fomu. "Umri wako ni huu kweli? Tarehe moja mwezi wa kwanza, sitini na nane?"

"Ni huo," alisema Makur, upesi mno.

*

Kakuma ya leo ina maduka yenye milango ya chuma na vijana wanaozungumza Sheng ya Nairobi ambayo hawajawahi kuiona. Mtu akikuambia ilikuwa nzuri zaidi zamani, ujue anakudanganya. Zamani watu walikuwa wanazikana. Hata hivyo Makur aliposhuka garini na kupita kando ya uwanja wa zamani, moyo wake ulikwenda huko huko.

Jumapili, baada ya ibada, mieleka. Vumbi. Ngoma ya debe na ngoma ya kweli. Wanaume waliojipaka majivu wakizungukana wameinama, na wanawake wakiimba majina ya ng'ombe waliokwisha kuliwa na vita. Makur alikuwa akiingia katikati na watu wananyamaza. Akimshika mtu kiunoni, mtu huyo huona anga. Akuch, mtoto wa miaka saba, minane, alikuwa akikimbia kuzunguka uwanja akipiga kelele, "Huyo ni wangu! Huyo ni wangu!" Zilikuwa siku za njaa, tena za njaa kali, na Makur angetoa chochote kurudishwa pale kwa Jumapili moja tu.

Nyumbani, mke wake Adau alimsikiliza hadithi yote ya mbuzi na hamsini na sita. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na aliyasema yote akichagua mawe kwenye dengu.

"Wiki nzima dengu," alisema. "Sawa. Na miaka?"

"Miaka gani?"

"Makur. Mimi ni mke wako. Unafikiri sijui kuhesabu?"

Makur aliinama kuvua viatu.

"Kaka yangu mkubwa alikatwa paji la uso, alama ya utu uzima, mwaka ule vita ilifika kwetu," Adau aliendelea. "Watoto wa rika lako walikuwa bado. Wewe paji lako ni laini mpaka leo. Umri wa ishirini na nne bila alama, kwa watu wetu? Wazee wote walijua. Walinyamaza tu."

Walikuwa wamenyamaza, ni kweli. Mwaka wa tisini na mbili, watu walipokuwa wamefika Kakuma kwa miguu kupitia Lokichoggio, palikuwa na meza ya mbao chini ya turubai, na karani mgeni nyuma yake. Wavulana wasio na wazazi walipelekwa kundi lao. Wasichana wadogo wasio na mtu mzima waligawiwa kwa familia za kuwalea, na Makur alikuwa ameona kwa macho yake jinsi baadhi ya familia zilivyowachagua: huyu atachota maji, huyu ataleta mahari. Akuch alikuwa na miaka mitano, ameng'ang'ania suruali yake. Makur alikuwa na miaka kumi na minne na urefu wa mlango. Karani alipomuuliza umri, alikaza sauti, akasema ishirini na nne. Karani akaandika mwaka, akaweka tarehe moja mwezi wa kwanza kama alivyowawekea wote, akampa kadi ya chakula yenye majina mawili. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni alimtazama paji la uso, kisha akatazama pembeni.

Kuanzia siku ile alikuwa mtu mzima. Wavulana wa rika lake walipoingia shule za chini ya miti, yeye alipelekwa na wanaume kupakua malori. Miaka minane baadaye, wale wavulana walipoanza kupanda ndege kwenda Amerika, jina lake halikuwa kwenye orodha, kwa sababu orodha ilikuwa ya vijana na yeye kwenye karatasi alikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Aliwasindikiza mpaka kwenye kiwanja cha ndege. Aliwabebea mifuko.

"Waambie," alisema Adau.

"Nikisema, watafungua faili yote. Wataniita mwongo. Chakula yetu iko kwa hiyo faili."

"Na Akuch iko wapi? Kwa faili pia?"

"Akuch hajui," alisema Makur. Adau akaacha kuchagua mawe. Hilo kwa kweli hakuwa amelijua.

Wiki ile Makur alikula dengu, maharagwe na ugali. Kule ghalani wenzake walimwona akipitisha sahani ya nyama, wakaanza kunong'ona kwamba ameokoka upya, au amerogwa. Siku ya mwisho alibaki nyumbani na ile chupa ya lita tano aliyopewa na Jelagat. Adau aliifukia nusu kwenye mchanga alioulowesha kwa maji, kivulini, akaifunika kwa gunia bichi. Kila Makur alipoelekea upande ule, majirani waligeuza nyuso kwa heshima, na walipomwona anarudi walicheka. Kwa mtu aliyeheshimiwa miaka thelathini na minne, ilikuwa siku ndefu.

*

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alipekua mizigo ya abiria na kusimama mbele ya gunia lililolowa.

"Hii ni nini, Mzee?"

"Dawa," alisema Makur.

"Dawa gani inavaa gunia? Hii ni chang'aa." Askari alikwisha kuifungua. Akainamisha pua.

Alijiinua polepole. Abiria waliokuwa karibu walijitahidi kutazama milima.

"Ni ya hospitali," alisema Makur, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ni yangu. Nataka kutoa figo kwa dada yangu."

Askari akafunga kifuniko kwa uangalifu, akakikaza mara mbili. Alichukua karatasi ya ruhusa na kuisoma ili apate pa kuweka macho. "Sitini na nane," alisoma. "Baba yangu ni wa sitini na saba. Hawezi hata kuinua jembe. Wewe Mungu amekupenda, Mzee." Akampigia saluti, na hakuna aliyejua kama ilikuwa ya utani.

Njia nzima kutoka hapo Makur aliiwaza saluti ile. Alikuwa amepigiwa kwa sababu ya miaka ambayo hakuwa nayo. Kwa mara ya kwanza alijisikia mwizi.

*

Akuch alikuwa kwenye mashine Jelagat alipochukua chupa na kumtoa Makur damu upya. Majibu ya damu yalitoka mapema. Muuguzi akaketi kando ya kitanda na kikokotoo cha simu yake, kwa kuwa alitaka dada na kaka wasikie pamoja.

"Umeona kazi ya dengu? Ile taka imeshuka. Sasa naingiza: mwanaume, miaka hamsini na nane..." Akabonyeza. "Sabini. Kutoka hamsini na sita. Hizo zote zilikuwa za mbuzi."

"Sabini inatosha?" aliuliza Akuch.

"Inasaidia. Haitoshi, wanataka tisini. Kwa kijana wangeangalia zaidi, lakini kwa umri huu..."

"Sista," alisema Makur. "Hiyo miaka si yangu."

Alisema akiwa amesimama wima, mikono mapajani, kama alivyosimama mbele ya ile meza. Alieleza yote kwa Kiswahili chake kilichovunjika: turubai, karani, wasichana waliokuwa wanagawiwa, ishirini na nne. Hakumtazama Akuch hata mara moja. "Niliongeza kumi," alimaliza. "Mimi ni wa sabini na nane. Kama mnaniitia polisi, niitie. Lakini kwanza andika hiyo ya kweli kwa kompyuta, ipande."

Jelagat aliinamia tena simu yake. Kisha akafuta, akaandika arobaini na nane, akabonyeza.

"Imefika ngapi?"

"Sabini na nne. Sabini na tano, tukiwa wakarimu."

"Kutoka sabini?"

"Kutoka sabini."

Makur alikaa kitako kwenye sakafu. "Kumi yote," alisema. "Miaka thelathini na nne naogopa. Naota wananikamata. Na ni pointi nne?"

Hakuna aliyemcheka. Mtu hubeba kitu maisha yake yote akiamini kina uzito wa nyumba, na siku anapokitua mizani haitikisiki. Jelagat alimpa maji. "Mimi si mtu wa vitambulisho," alisema. "Hapa naandika vile mgonjwa ameniambia, daktari anapima mwenyewe. Na usidharau. Daktari anayejua unatoa ukiwa na arobaini na nane hafikiri sawa na yule wa hamsini na nane. Lakini hata hiyo sabini na nne ni makisio ya mtu wa kawaida, na wewe si wa kawaida, umebeba magunia tangu ukiwa mtoto. Tungoje chupa."

Wakangoja chupa. Akuch alikuwa amefumba macho, na Makur hakuthubutu kumsemesha. Lomenen alikuja na kikapu, akawakuta wote wawili hivyo, akaketi kando bila salamu, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Saa tisa Daktari Wekesa aliingia mwenyewe. Alikuwa ameyasoma majibu mara mbili tu.

"Tisini na sita," alisema. "Mzee... Bwana Makur. Figo zako ni nzima. Misuli ndiyo ilikuwa inatudanganya. Bado kuna vipimo vya Eldoret, kwa wapasuaji, siahidi kitu. Lakini mlango uko wazi. Leo tutoe damu ya Akuch, ipelekwe ikalinganishwe na yako."

Lomenen akapiga kigelegele, akazibwa mdomo na Jelagat. Makur akafunika uso kwa mikono miwili.

"Sitaki," alisema Akuch.

Sauti yake haikuwa kubwa. Alikuwa amefumbua macho na anatazama dari.

"Msitoe damu yangu. Sitaki hiyo figo."

"Akuch, wewe ni mgonjwa wa kichwa sasa?" aliuliza Lomenen.

"Nilikubali kuchukua kwa mtu mzima," Akuch alisema. "Nilijiambia, ni kama baba yangu, baba anatoa. Nilikuwa namkasirikia, unajua? Mtoto mdogo, nalala njaa, nasema huyu mtu mzima ni mtu gani hajui kupika, hajui kusuka nywele, ananipiga kelele halafu anakwenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Nilisema ana roho ngumu. Kumbe alikuwa nyuma ya nyumba analia. Ulikuwa unalia, sivyo?"

"Wakati mwingine," alisema Makur.

"Shule hukwenda. Ndege hukupanda. Yote kwa sababu nilishika suruali yako. Na sasa nikukate na tumbo? Hapana. Umetoa. Imetosha."

Makur aliinuka kutoka sakafuni. Wote walidhani ataanza kubembeleza. Badala yake alikasirika, na hasira hiyo hawakuwa wameizoea, kwa sababu haikuwa ya mzee.

"Nani alikuuliza?" alisema. "Pale mezani nani alikuuliza wewe? Nilisema ishirini na nne mwenyewe. Kwa mdomo yangu. Hakuna mtu alinituma. Hiyo kitu moja tu katika maisha yangu nilichagua mimi, zingine zote vita ilichagua. Unataka kuniambia nilikosea?"

"Sikusema ulikosea."

"Unasema hivyo. Ukikufa, mimi nilidanganya kwa nini? Nilibeba hiyo miaka kumi ya nini? Ungekwenda tu na wale watu siku ile, mimi ningekwenda Amerika. Wewe ndio mtu yangu peke yake anakumbuka sauti ya mama. Ukiondoka, nitamuuliza nani?"

Mashine iliendelea kuzunguka. Daktari Wekesa alitazama viatu vyake.

"Ulikuwa unaogopa?" Akuch aliuliza. "Pale mezani?"

"Sana."

"Na kisu cha Eldoret?"

Makur alijaribu kusema hapana. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amejibu hapana kwa kila swali la namna hiyo, na neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Naogopa sana," alisema.

Akuch alimtazama kaka yake, mtu mkubwa mwenye mabega ya magunia na paji la uso laini, kama anayemwona akiingia mlangoni kwa mara ya kwanza. Kisha akajivuta kidogo kwenye kitanda, kwa taabu, akampisha pembeni.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Sista, toa damu."

Jelagat akachukua bomba la sindano na kujaza vichupa vitatu. Makur alikaa ukingoni mwa kitanda na akalia, kwa sauti, mbele ya daktari na muuguzi na Lomenen na wagonjwa wa vitanda vingine, bila kujifunika uso. Akuch aliweka mkono wake mgongoni mwa kaka yake na hakumwambia anyamaze. Alimwacha alie mpaka alipomaliza mwenyewe.